Mikoko ya Gazi na Moshi wa Ng'ambo



Katika mfululizo huu wa mazungumzo juu ya nchi jirani tumezoea kueleza habari za uchaguzi, bandari, reli, bei za mazao na mikutano ya wakuu wa nchi. Leo tutazungumza juu ya biashara mpya iliyoingia katika vijiji vya majirani zetu, nayo ni biashara ya hewa. Mnunuzi yuko Ulaya au Marekani. Muuzaji yuko ufukweni huko Kwale, au kwenye mteremko wa mlima huko Uganda. Na bidhaa yenyewe haionekani kwa macho, haitiwi guniani, wala haipimwi kwa mizani ya sokoni. Biashara ya namna hii yaweza kumletea mwanakijiji maji ya bomba. Yaweza pia kumwondoa katika shamba alilolima babu yake. Yote mawili yamekwisha tokea katika Afrika ya Mashariki, na kwa sababu hiyo yafaa tuielewe.

Mwaka 2023 Bunge la Kenya liliifanyia marekebisho Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, likatia ndani yake sehemu nzima inayohusu biashara hiyo. Sheria sasa inataka kila mradi unaotumia ardhi ya wananchi uwe na mkataba wa maendeleo na wananchi hao, na uwape kila mwaka si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotumia ardhi, kama ile ya majiko, kima cha chini ni asilimia 25. Mwaka 2024 zikafuata kanuni za kuitekeleza. Bunge halitungi sheria ya namna hii ila pale palipo na mali, na penye mali hapakosi mgogoro.

Pengine mpiganaji aliyeketi kando ya redio yake atauliza: Je, mambo haya ya miti na hewa yananihusu nini mimi mwenye bunduki? Yanamhusu kwa mambo matatu.

La kwanza, mvua zinapovurugika, wa kwanza kuitwa ni askari. Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwishoni mwa mwaka 2022, sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya zilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Kisha, katika masika ya mwaka 2024, ilikuja gharika iliyoua watu zaidi ya 200 katika nchi hiyo hiyo. Sisi wenyewe hatujasahau Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yalipoufunika mji wa Katesh, na askari wetu wakawa miongoni mwa waliochimbua matope hayo kwa majembe na mikono. La pili, misitu hulindwa, na anayeamrishwa kulinda hana budi kujua analinda nini na kwa faida ya nani. La tatu, askari ni mwananchi. Ana kijiji, ana wazazi, na siku moja atastaafu na kurudi huko. Mkataba wa miaka ishirini au thelathini utakaotiwa saini leo katika kijiji chake utamkuta hai.

Tuanze na maana ya biashara yenyewe. Kila kinachochomwa, kiwe kuni, mkaa, makaa ya mawe au mafuta, hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo hukaa angani kama blanketi na kuzuia joto la dunia lisitoke. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa hiyo. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi. Gari la doria linalotumia lita 10 za dizeli kwa siku huwa limetoa tani nzima baada ya siku 37. Mti hufanya kinyume chake. Huivuta hewa ya ukaa, ukaifanya kuwa gogo, tawi na mzizi. Mti ukikatwa na kuchomwa, hewa ile hurudi angani.

Basi wataalamu na wafanyabiashara wakabuni hesabu ifuatayo. Mtu aliyetoa tani moja ya hewa ya ukaa mahali fulani, na asiyeweza au asiyetaka kuipunguza, amlipe mtu mwingine mahali pengine aizuie tani moja isitoke, au aivute tani moja iliyokwisha toka. Malipo hayo huthibitishwa kwa hati, na kila hati moja ni tani moja. Huko ndiko kufidia hewa ya ukaa. Wanunuzi si viwanda tu. Wamo pia watu wa kawaida: mwalimu wa Uingereza aliyepanda ndege kuja Nairobi na kurudi, safari inayomhesabia tani moja na zaidi, anaweza kununua hati moja au mbili ili moyo wake utulie.

Sasa twende Gazi. Gazi ni kijiji cha wavuvi kilichoko katika Kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Wanaopenda historia ya vita watalikumbuka jina hilo, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akavuka mpaka na kuingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ambayo leo ni nchi yetu. Ghuba ya Gazi imezungukwa na mikoko hekta zipatazo 600. Humo mna mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya kaa, mna mchu, mkandaa, mlilana, muia na mkomafi. Miti hiyo ndiyo iliyowapa watu wa pwani fito, pau, mazio na boriti za kujengea nyumba tangu kale, na majahazi yakabeba boriti hizo hadi Oman na Ghuba ya Uajemi.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, hasa za kuchomea chokaa na matofali. Sehemu nyingine zilibaki tope tupu, lisiloota kitu. Wavuvi wakaona samaki wanapungua, maana mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya samaki wachanga, kamba na kaa. Mwaka 1991 wanasayansi wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi walianza kujaribu kuipanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi ilikuwa ngumu. Mche wa mkoko hupandwa topeni wakati maji yamekupwa, na ukikosea mahali pa kupanda, mawimbi huung'oa kabla haujashika. Lakini mingi ilishika.

Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hati zake mwaka 2013 kwa mkataba wa miaka 20. Ni mradi mdogo, na udogo wake ni sehemu ya somo lake. Vijiji vya Gazi na Makongeni viliafikiana na idara ya misitu ya Kenya kulinda hekta 117: hekta 107 za msitu wa asili, na hekta 10 zilizopandwa kwa mikono. Kila mwaka mradi huhesabiwa tani zipatazo 3,000 za hewa ya ukaa. Hati huuzwa kupitia chama kidogo cha hisani kilichoko Scotland, na katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kiasi cha dola za Kimarekani 12,000 hadi 15,000 kwa mwaka. Sehemu ya fedha hiyo hulipa walinzi na gharama za upandaji. Iliyobaki huamuliwa katika mkutano wa kijiji. Imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ndugu wasikilizaji, yafaa tutazame kwa makini sababu za mikoko hiyo kusimama. Si kwamba mlinzi wa Gazi ana silaha kali kuliko walinzi wengine. Hana. Kwanza, kamati imechaguliwa na wanakijiji wenyewe, na wanaweza kuiondoa. Pili, waliulizwa mapema: nyumba zitajengwa kwa nini iwapo boriti hazikatwi? Jibu lilikuwa kupanda mivinje nchi kavu, ili mwenye kuhitaji mti wa kujengea au kuni za kupikia asiwe na sababu ya kwenda baharini na shoka. Tatu, bomba la maji liko mbele ya macho ya kila mtu. Mama anayeteka maji pale anajua yametokana na nini, na akisikia shoka likilia usiku hahitaji kuamrishwa na mtu ili apige kelele.

Sababu ya nne imo katika tope. Msitu wa nchi kavu huweka akiba yake zaidi katika miti. Mkoko huweka akiba kubwa chini, katika tope lisilo na hewa ambamo majani na mizizi haiozi upesi. Kwa hiyo hekta moja ya mikoko hushika hewa ya ukaa mara kadhaa kuliko hekta ya misitu mingi ya bara. Kadhalika mikoko huvunja nguvu ya mawimbi, na pwani isiyokuwa nayo huliwa na bahari mwaka hadi mwaka. Hata kama hati isingeuzwa hata moja, mtu wa Gazi angebaki na samaki wake na ukingo wake. Huo ndio mpango wa busara: biashara ikianguka, kijiji kisianguke nayo.

Mfano wa Gazi umeigwa huko Vanga, Jimbo na Kiwegu, ambako hekta 460 hivi za mikoko zimewekwa chini ya mpango wa namna hiyo hiyo. Jimbo iko mpakani kabisa. Ng'ambo yake, upande wetu, ni Wilaya ya Mkinga na kijiji cha Jasini, pale pale ambapo Januari 1915 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kugombea nchi isiyokuwa yao. Mpaka ulichorwa na wageni hao, mikoko haikuuona. Msitu ni mmoja, samaki ni wale wale, na mwizi wa boriti akifukuzwa upande mmoja huvukia upande wa pili. Jambo hili tutalirudia.

Tuache bahari, tuingie bara. Huko nako serikali za mitaa zina lao la kufundisha. Kenya ina kaunti 47, zilizowekwa na Katiba ya mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2013. Kaunti ya Makueni, katika nchi kavu ya Ukambani, ndiyo iliyotangulia. Mwaka 2015 ilitunga kanuni za mfuko wake wenyewe wa mabadiliko ya tabianchi, ikaazimia kutenga kila mwaka asilimia moja ya bajeti yake ya maendeleo. Isiolo ilikuwa imekwisha kufanya majaribio ya mfuko wa namna hiyo, na Wajir ikafuata kwa sheria yake. Baadaye, kuanzia mwaka 2021, mpango wa kitaifa uliopata fedha za Benki ya Dunia uliueneza utaratibu huo karibu nchi nzima.

Asilimia moja si fedha nyingi. Uzito wa jambo hili umo katika namna inavyotumiwa. Katika kila kata huundwa kamati ya wananchi, nayo ndiyo inayosema nini kifanywe kwanza. Ofisi ya kaunti hupima kama jambo linafaa kiufundi. Haina ruhusa ya kuleta mpango wake mfukoni. Na wananchi wa nchi kavu hawakuomba mambo ya fahari. Waliomba maji. Katika Ukambani kuna ujuzi wa kujenga ukuta imara kukatiza mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga. Jua haliyafikii, na mbu hawapati mahali pa kuzalia. Kiangazi kinapokuja, watu huchimba kidogo au hufungua bomba lililotegwa chini ya ukuta, wakapata maji ilhali mto juu ni mkavu kama barabara. Huko Isiolo, wafugaji wa Kiborana walitaka jambo jingine: baraza lao la jadi la wazee, liitwalo dedha, lirudishiwe uwezo wa kuamua malisho yapi yatumike masika na yapi yahifadhiwe kwa kiangazi.

Mambo haya hayauzwi kwa hati Ulaya. Lakini ndiyo hatua ambayo halmashauri yoyote yaweza kuichukua bila kumngoja mnunuzi wa ng'ambo. Maana tusisahau: huyo anayejenga ukuta wa mto si yeye aliyeijaza anga moshi. Mwananchi mmoja wa Marekani hutoa kwa mwaka zaidi ya tani 13 za hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mkenya mmoja au Mtanzania mmoja hafikii hata nusu ya tani.

Sasa, ndugu wapiganaji, sikilizeni upande wa pili wa habari hii, maana ndio unaowahusu zaidi.

Mlima Elgon uko mpakani mwa Uganda na Kenya. Mwaka 1993 upande wa Uganda ulifanywa kuwa hifadhi ya taifa, na watu wengi waliokuwa wakiishi na kulima humo wakaondolewa. Mwaka uliofuata, 1994, shirika moja la Uholanzi lilipatana na idara ya hifadhi za taifa ya Uganda kupanda miti katika sehemu zilizokuwa zimefyekwa. Mpango ulikuwa wa hekta 25,000. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1990 na wazalishaji wa umeme wa Uholanzi, kwa lengo la kufidia moshi wa mitambo ya makaa ya mawe. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa: Uholanzi inawasha taa, Uganda inapata miti, dunia inapumua.

Katika karatasi hizo hapakuwa na mwanamke wa Kibenet ambaye jiwe la mpaka lilipita katikati ya shamba lake la viazi. Watu walidai kwamba mpaka ulisogezwa, na kwamba ahadi za mahali pengine pa kukaa hazikutimizwa. Walinzi wenye silaha wakawekwa. Yakafuata mapigano, ng'ombe kukamatwa, watu kupigwa na wengine kuuawa. Wabenet walikwenda mahakamani, na mwezi Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Uganda ikawatambua kuwa wenyeji wa asili wa sehemu ya mlima huo, wenye haki ya kukaa na kulima humo. Na miti je? Maelfu kwa maelfu ya miti iliyopandwa na mradi ilikatwa na wananchi, na pale iliposimama wakapanda mahindi na maharage. Hewa iliyokwisha hesabiwa kuwa imefungwa ikarudi angani.

Hatusemi haya kwa kuwacheka majirani, wala hatuwalaumu askari walinzi waliopewa amri. Kila jeshi linajua kwamba askari hupelekwa mahali na kuambiwa linda hapa. Lakini kila kamanda mwenye uzoefu anajua pia kwamba doria haiwezi kuwa kila mahali kila usiku. Msitu wa hekta elfu ishirini na tano una njia nyingi kuliko idadi ya walinzi. Ikiwa wanaouzunguka wanauona kuwa ni wao, kila mmoja wao ni mlinzi asiyelipwa. Ikiwa wanauona kuwa ni kaburi la mashamba yao, hata kikosi kizima hakitoshi. Gazi ina walinzi wachache na mikoko imesimama. Elgon ilikuwa na bunduki, na miti ikaanguka.

Na tusidhani kwamba hayo yalikwisha zamani. Huko kaskazini mwa Kenya, mwezi Januari 2025, mahakama ya mazingira na ardhi iliyoko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, za Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Eneo la moja ya hifadhi hizo limo katika mradi mkubwa wa kaboni ya malisho. Wafugaji walifungua shauri wao wenyewe. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini Bunge la Nairobi liliona haja ya kuandika katika sheria habari za mikataba ya wananchi na asilimia 40.

Liko jambo jingine la kutahadhari nalo, nalo ni hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya kaboni hatari ni mbili: pana mali isiyo na daftari, na lipo daftari lisilo na mali. Tuchukue majiko. Jiko linalookoa mkaa ni kitu chema. Linampunguzia mama gharama, linampunguzia moshi kifuani, na linapunguza miti inayokatwa. Makampuni mengi yamegawa majiko hayo Kenya, Uganda na kwingineko, kisha yakauza hati. Lakini utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilihesabiwa tani karibu mara tisa ya zile ilizookoa kweli. Jiko lilihesabiwa kuwa linatumika kila siku, kumbe limo uvunguni. Familia ilihesabiwa kuwa imeacha kuni, kumbe inatumia jiko jipya na mafiga pamoja.

Hesabu ya uongo si kosa dogo la karani. Kiwanda cha ng'ambo kimenunua hati tisa, kikaendelea kutoa tani tisa, na kwa kweli imeokolewa moja tu. Tani nane zimeongezeka angani kwa kibali. Na zinapoongezeka, mvua inayovurugika ni ya Makueni na ya Dodoma.

Hata pale hesabu ilipo safi, tuipime kwa akili. Mikoko yote ya mradi wa Gazi, yenye tani 3,000 kwa mwaka, hulipia moshi wa Wamarekani wapatao 200 tu. Vijiji viwili, kamati, walinzi na miaka mingi ya kupanda topeni, vyote ni sawa na watu 200 kuishi kama walivyozoea. Hakuna pwani yenye mikoko ya kutosha kufuta moshi wa nchi tajiri. Kufidia ni dawa ya kupunguza maumivu wakati mgonjwa anatibiwa; haiwezi kuwa ruhusa ya kuendelea kula sumu. Nchi tajiri zina wajibu wa kupunguza moshi wao wenyewe, na hakuna hati iwezayo kuzivua wajibu huo.

Je, basi tuiache biashara hii? Hapana. Nasi Tanzania tumekwisha kuingia. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wamekuwa wakiuza hati za msitu wao kwa miaka mingi. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepata fedha kwa kuilinda misitu ya milima ya Ntakata, na fedha hizo zimejenga shule na zahanati. Mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa kanuni za biashara ya kaboni. Linalotakiwa ni kuingia kwa macho mawili, tukijifunza kwa majirani waliotangulia.

Kwa hiyo wakati wowote mradi wa namna hii unapokuja kijijini, na yafaa mpiganaji aliyeko likizo awasaidie wazee wake kuuliza, yako maswali yasiyoweza kurukwa. Mpaka wa msitu umepimwa na nani, na jirani wa kijiji wameukubali? Mkataba ni wa miaka mingapi, na nakala ya Kiswahili iko wapi? Hati moja inauzwa kiasi gani ng'ambo, na kijiji kinapata sehemu gani ya bei hiyo? Fedha zinaingia katika akaunti ya nani, na zinasomwa katika mkutano gani? Watu watapata wapi kuni, miti ya kujengea na malisho? Na mnunuzi akiacha kununua, kijiji kitabaki na nini? Mwenye mradi wa kweli atayajibu bila kukasirika. Anayejibu kwa kuonyesha barua ya mkubwa fulani, na atiliwe shaka.

Na kwa ndugu mlioko kazini katika mpaka wa Tanga na katika vituo vyetu vya pwani, jambo ni hili. Mikoko ya nchi yetu ni misitu ya hifadhi. Lori linalopita usiku na boriti chini ya magunia ya nazi, au jahazi linalopakia mazio kwenye kijito kisichokuwa na bandari, lina sehemu ya ukuta wa bahari wa vijiji vya pande zote mbili. Wenzenu wa Vanga na Jimbo wanaulinda upande wao. Haitafaa upande wetu uwe ndio mlango wa nyuma. Lakini mkimkuta mama mwenye mzigo mmoja wa kuni kichwani, kumbukeni pia habari ya Elgon. Sheria ina makali yake. Askari mwenye busara hujua kumtenga mfanyabiashara wa magendo na mtu aliyekosa cha kupikia. Wa kwanza mpelekeni mahakamani. Wa pili mpelekeni kwa uongozi wa kijiji, ili swali la kuni lipate jibu.

Ndugu wasikilizaji, mikoko ya Gazi haikuoteshwa na tuzo wala na fedha za Scotland. Tuzo ilikuja miaka 26 baada ya watu kuanza kupiga magoti topeni, wakichomeka mche mmoja baada ya mwingine kabla maji hayajajaa. Walikuwa na sababu yao, nayo ilikuwa samaki na nyumba zao. Fedha ilipokuja ilikuta msitu una wenyewe. Nchi yetu ikianza na kitu hicho, kwamba kila msitu uwe na wenyewe wanaojulikana, wanaosikilizwa na wanaosomewa hesabu, biashara ya hewa itatufaa ikiwapo, na isipokuwapo hatutapungukiwa na kitu.